Mabibo yalivyoniaibisha darasani

Mikindani,
28 Novemba

Kwako shoga yangu Mwanaidi,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, ila joto. Kaskazi haijashika sawasawa na bahari imelala shwari kama maji ya mtungini. Barua yako niliipata, nikacheka uliposema huko Njombe mnaingia na sweta hadi darasani. Hapa sweta la nini, labda la kupangusia jasho.

Uliuliza mradi wetu wa Baiolojia uliishia wapi. Kaa vizuri nikusimulie, maana ni aibu tupu.

Mwalimu alitaka kila kundi lihifadhi chakula cha msimu. Wenzetu wakachukua samaki, wakatia chumvi, wakaanika, wakamaliza. Sisi kwa ujuaji wetu tukasema mabibo, yale matunda ya mkorosho. Si unajua yanavyooza: umeliokota leo, kesho limeshatoa maji na nzi wamefika. Watu wanataka korosho yao tu. Bibo linabaki chini ya mkorosho au linakwenda kukamuliwa uraka, ile pombe yake. Basi tukaunda kaushio la jua: kasha la mbao lililopakwa masizi ya sufuria kwa ndani, juu nailoni, katikati chandarua kuukuu cha kupangia vipande. Tukaziba kila tundu ili joto lisitoroke. Hapo ndipo tulipojimaliza.

Siku ya tatu nikafunua nailoni mbele ya darasa zima. Mwanaidi! Ungedhani umeingia kilabuni. Nailoni imejaa matone kwa ndani, vipande vimelegea, vinatoa povu. Wavulana wa nyuma wakaanza kupiga madawati kwa mapigo ya ngoma ya sindimba. Mwalimu akainama, akanusa, akaniuliza kwa upole kama nina leseni ya kuuza. Mimi, mtoto wa mwalimu wa madrasa!

Kumbe joto peke yake halikaushi. Maji yakitoka kwenye tunda sharti yapate pa kwenda. Yakikosa, hamira iliyo kwenye ganda la tunda lenyewe inakula sukari na kutoa kileo. Tukatoboa matundu chini upande wa mbele na mengine juu upande wa nyuma, hewa iingie chini, ipate moto, ipande na kutoka na unyevu wake. Safari hii tukakata vipande vyembamba, tukavilaza usiku kucha kwenye maji ya chumvi kupunguza ule ukakasi unaokereketa koo. Hilo la chumvi ni la bibi, kitabuni halimo. Jua kali siku tatu, vikatoka laini kama ngozi, rangi ya asali. Alama tumepata nzuri, lakini jina limenikaa: Mama Uraka. Na sare yangu ina madoa ya mabibo. Unayajua, hata ufue kwa magadi hayatoki.

Safari ya kilima cha Tendaguru, kule Lindi, imekwama, nauli. Sikulia sana. Mifupa ya wale mijusi wakubwa wa kale, dinosaria, Wajerumani waliichimba 1909 hadi 1913 na iko Berlin mpaka leo, sasa tungekwenda kutazama nini, mashimo?

Wiki ijayo tunafunga shule. Asubuhi nitakuwa shambani kwa mjomba kuokota korosho, na afadhali hiyo kuliko likizo ya mwezi wa sita, ya kujifunga kanga puani wakipuliza salfa kwenye mikorosho. Bamvua ikifika, yale maji yanayokupwa mbali mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, asubuhi hiyo naacha korosho, mimi na Somoe tunakwenda ghubani kuchokoa pweza. Somoe kanifundisha nisichome fimbo kila shimo kama kipofu: tazama mlangoni, ukiona maganda ya kaa yametupwa nje, mwenye nyumba yupo. Wa mwisho alinizunguka mkono hadi kiwiko, nikapiga kelele mpaka wavuvi wa ngalawa wakageuka. Alama za vinyonyeo zilikaa siku mbili, duara duara kama nimepigwa mhuri. Lakini supu yake!

Mwambie mama shikamoo, na umkumbushe ahadi yake ya kukuleta Desemba. Godoro langu linatutosha wawili kama zamani.

Kwenye bahasha nimekuwekea vipande vinne vya mabibo. Vitatu ni vya kula. Kile cheusi nilichokifunga peke yake ni cha jaribio la kwanza. Usikile, nimekileta ukinuse tu.

Wako,
Mama Uraka