Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Mwanza: Mtoto aliyeandika kwamba dagaa ni mboga hakukosea

Ndugu Afisa Elimu wa Mkoa,

YAH: WALIMU WAJUE WATOTO WANATOKA NA LUGHA GANI NYUMBANI

Salamu kutoka Nansio. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimefundisha Kiswahili huku visiwani kwa miaka 27, na nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linawahusu walimu na wazazi wa pande zote za ziwa, wala halifai kuishia kwenye faili.

Nianze na swali la jaribio la darasa la tatu: "Taja mboga tatu." Mtoto mmoja wa mvuvi aliandika: sato, dagaa, nyama. Mwalimu wake, kijana mwema aliyekuwa ndiyo kwanza amepangiwa kituo kwetu kutoka Tanga, akamwekea alama za kosa zote tatu kwa wino mwekundu. Mtoto aliduwaa. Nyumbani kwao, kama ilivyo kwa karibu kila mtu huku kwetu, mboga ni chochote kinacholiwa na ugali. Mama akisema "leo hatuna mboga", hasemi kwamba mchicha umekwisha. Anasema hakuna hata dagaa. Mwalimu naye alikulia pwani, ambako samaki ni kitoweo na mboga ni majani. Wote wawili walikuwa wanasema Kiswahili, na kila mmoja alikuwa sahihi kwao. Aliyepata sifuri ni mmoja tu.

Simlaumu yule kijana. Hakuna aliyemwambia chochote kabla hajapanda kivuko.

Lakini linaloniuma zaidi ni ile "-ga". Unaijua, Ndugu Afisa. Ukishuka stendi yoyote ya Mwanza utaisikia kabla hujapata bodaboda. "Baba anavuaga usiku." "Tunaendaga Magu." Mimi mwenyewe niliikata kwenye madaftari kwa miaka mingi, tena kwa hasira, nikiandika pembeni "acha lugha ya mtaani". Nilikuwa nimekosea. Mtoto anayesema "anavua" anakuambia baba yuko ziwani sasa hivi. Anayesema "anavuaga" anakuambia hiyo ndiyo kawaida yake. Hiyo ni sarufi kamili, na imetoka kwenye Kisukuma na ndugu zake wengi wa Kibantu, ambamo kiambishi cha namna hiyo kina kazi yake tangu zamani. Kiswahili sanifu kazi hiyo kinaifanya kwa "hu-": baba huvua usiku.

Sasa tazama kinachotokea tunapofuta bila kueleza. Katika "anavuaga" mtendaji anaonekana, ile "a-" ni yeye baba. Katika "huvua" haonekani. Mtoto aliyeambiwa tu "sema hu-" anamtafuta mtendaji, hamwoni, basi anamrudisha mwenyewe: "baba ahuvua", "mimi nahuenda". Nimekutana na "nahuenda" mara nyingi mno kuweza kuamini kwamba ni uzembe. Ni mtoto anayefikiri, na anafikiri vizuri, ila hajapewa kipande kimoja cha maelezo. Miaka yangu ya mwisho kazini nilianza kuchora mstari katikati ya ubao, upande mmoja nikaandika "nyumbani", upande mwingine "sanifu", kisha watoto wenyewe wakawa wanahamisha sentensi kutoka huku kwenda kule. Ilichukua vipindi viwili. Kwa kalamu nyekundu nilikuwa nimeshindwa mwaka mzima.

Halafu kuna l na r. Kisukuma hakizitenganishi sauti hizo, hivyo mtoto anayetoka Kwimba au Misungwi akisikia imla anasikia sauti moja. Mwenzake wa Kikurya kwenye kambi ya wavuvi anavutwa kwenye r, na kulala kwake ni "kurara". Kuwaambia "sikiliza vizuri" hakusaidii, maana sikio halijafundishwa. Wape jozi za maneno: kalamu na karamu, fahali na fahari, kula na kura, mahali na mahari. Watoto hupenda sana mchezo huo.

Ngeli nazo zinataka jicho la karibu. Mtoto wa Kijita au Kikerewe anaingia darasani akiwa na ngeli mdomoni tayari; anachohitaji ni kuonyeshwa zinapoachana na za Kiswahili. Akiandika "ng'ombe zimeingia shambani", anafuata mpangilio ambao lugha nyingi za huku zinao, wa kuwaacha wanyama kwenye ngeli yao badala ya kuwapeleka kwa watu. Lakini mtoto wa Kijaluo hana ngeli kabisa nyumbani, kwa kuwa Kijaluo si lugha ya Kibantu, na hata sauti ya "sh" hana, ndiyo maana shule inakuwa "sule". Hawa wawili wanaweza kuketi dawati moja, wakakosa sentensi ile ile, na kila mmoja akahitaji dawa yake. Na hata Kisukuma chenyewe si kimoja. Neno sukuma maana yake ni kaskazini, na watu wa kaskazini na wale wa dakama, yaani kusini, hawasemi sawasawa.

Siombi mtihani ulegezwe. Mtoto wa Ukara lazima aandike Kiswahili sanifu sawa na mtoto wa Dodoma. Ila tukumbuke sanifu ilipatikanaje. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Kimvita, lahaja ya Mombasa, hakikuachwa kwa kuwa ni kibovu. Hadi leo tunazisoma tungo za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, kwa heshima, na mtu wa Mombasa akisema "ndia" badala ya njia tunasema ni lahaja yake. Kwa nini mtoto wa Kome akisema "katoto kale" badala ya kitoto kile tunasema hajui Kiswahili?

Nilipokuwa mwanafunzi tulivalishwa kibao shingoni kwa kusema Kikerewe. Vibao vimeondoka, lakini kicheko cha darasa zima bado kipo, na mwalimu akicheka nao yule mtoto hanyanyui tena mkono. Nimewaona watoto wa namna hiyo wakifika darasa la saba hawajasema sentensi tatu mbele ya wenzao.

Ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, yapo tayari na walimu hukutana shuleni. Agiza vikao vichache vya mwaka huu vitumike kwa jambo hili, na kila shule iorodheshe lugha za nyumbani za wanafunzi wake. Mwalimu mpya akiripoti, akabidhiwe kwa mwenzake mwenyeji kwa siku mbili tatu, aambiwe mboga ni nini huku, na "-ga" ni nini, kabla hajasahihisha daftari hata moja. Na Chuo cha Ualimu Butimba, kilichopo hapo hapo jijini kwako, kiombwe kuandaa kijitabu pamoja na walimu wa visiwani na wa vijijini. Kisiandikwe na watu wasiowahi kusahihisha imla ya mtoto wa Kisukuma.

Mimi ninayo madaftari manne ambamo nilinakili sentensi za wanafunzi wangu, bila majina yao, nikizipanga kwa lugha wanazotoka nazo nyumbani. Ukinipangia siku, nitapanda kivuko cha asubuhi nikuletee.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Nansio, Ukerewe