Mto alikuwa mtoto

Minneapolis, Marekani, 25 Agosti 2024

Somo yangu mpenzi,

Asalaam aleykum. Ama baada ya salamu, sisi sote hatujambo, tunamshukuru Mungu. Barua hii anakuletea kijana mmoja wa Muheza anayerudi nyumbani kuoa. Nimemsisitiza akukabidhi mkononi, asimpe konda wa basi. Ndani ya bahasha utakuta kikaratasi kimekunjwa mara nyingi na kufungwa uzi mwekundu. Usikifungue kwanza. Soma, huko mwishoni nitakwambia cha kufanya nacho.

Juzi ulinilaumu kwamba napiga simu kila mara na sisemi kitu, na ni kweli. Simu zetu zimekuwa za "watoto hawajambo, haya, nawahi kazini". Leo ni Jumapili, baba yao katoka zamu ya usiku amelala, watoto wako kwa jirani, na mimi nimekaa na kalamu. Nataka nikusimulie kiangazi chetu chote. Wanangu wamekua miezi hii mitatu kama mihindi baada ya mvua, na hapana mtu wa kwetu aliyeshuhudia. Nimeona uwe wewe.

Kiangazi cha huku si kile chetu cha kungojea mvua. Huku watu wanafungiwa na theluji miezi mitano, kisha joto likifika wanatoka majumbani kama kumbikumbi. Mwezi wa Juni jua linazama saa tatu usiku. Magharibi tunaiswali wakati ambao sisi tulikuwa tumeshalala na kuota, na Isha inakaribia saa tano. Sasa mlaze mtoto wa miaka minne, jua liko dirishani! Binti yangu Bi Mdogo alikuwa akifungua pazia, ananionyesha nje kwa kidole, halafu ananitazama tu, kama ninayemdanganya.

Idd ya kuchinja ilituangukia tarehe 16 Juni. Nilipika pilau usiku, asubuhi nikaifunga sufuria kwa khanga mbili na blanketi, tukapanda treni hapa mtaani kwetu Cedar-Riverside hadi bustani ya Minnehaha. Pana maporomoko ya maji pale, kimo chake kama mita 16, na Juni hii mvua ilinyesha sana, basi maji yalikuwa yananguruma unayasikia kabla hujayaona. Tulikwenda na jirani yetu, mama wa Kisomali aliyekulia Mombasa. Kiswahili chake kitamu, anasema "kuja hapa mwanangu" nami nasikia nimefika nyumbani nusu ya njia. Watoto wanamwita Ayeeyo, ndiyo bibi kwa Kisomali. Bila mama huyu, Somo, sijui ningeishije hapa na watoto watatu na kazi ya zamu.

Sasa Babu. (Unajua mwanangu namwita Babu kwa sababu ya jina la marehemu baba, siwezi kulitamka jina lenyewe nikimkemea.) Karibu na hapa kuna ziwa linaitwa Nokomis, lina ufukwe wa mchanga na walinzi wa waogeleaji. Niliuliza maana ya jina, nikaambiwa ni neno la Ojibwe, wenyeji wa asili wa huku, na maana yake ni bibi. Nikawaambia watoto. Tangu siku hiyo hawasemi tena tunaenda ziwani, wanasema tunaenda kwa Bibi. Mara ya kwanza nilipolisikia neno hilo koridoni, "Mama, leo twende kwa Bibi", ilibidi nigeuke nijifanye natafuta funguo.

Huko kwa Bibi ndiko Babu alikojifunza kuelea. Nilimfundisha vile kaka yangu alivyotufundisha mimi na wewe: kiganja chini ya mgongo, "legea, tazama mbingu, usishike chochote". Nilikuwa na hakika atafaulu siku hiyohiyo, mbona sisi tulifaulu. Akazama. Tukarudia, akazama tena, miguu ikitangulia chini. Jumapili tatu mfululizo. Nilianza kumkasirikia, Mungu anisamehe, mpaka nilipolala mwenyewe juu ya yale maji nikahisi miguu yangu nayo inakwenda chini. Ndipo nikakumbuka: bahari yetu ina chumvi, chumvi inakubeba. Ziwa halina chumvi, halimbebi mtu bure. Kumbe mwanangu alikuwa anafanya jambo gumu kuliko tulilofanya sisi. Nikamwomba radhi. Nikamwambia avute pumzi ajaze kifua, anyooshe mikono juu ya kichwa, na Jumapili ya nne kiganja changu kikawa chini yake hakigusi kitu. Niliona masikio yamezama, pua na vidole vya miguu vikiwa nje, na tumbo linapanda na kushuka. Sikusema neno. Nilihesabu mpaka arobaini na moja.

Kitinda mimba wetu ameanza kutembea, ana miezi kumi na moja. Hilo sikuliona. Nilikuwa kazini, kwenye nyumba ya kulelea wazee, nikimlisha uji mzee wa watu. Baba yake ndiye aliyekuwa naye, kumetoka kupambazuka, yeye mwenyewe macho mekundu ya usingizi. Mtoto akaachia kiti, akapiga hatua tatu. Niliporudi niliuliza, mbona hukunichukulia picha na simu ilikuwa mfukoni? Akanijibu kwamba mikono yake yote miwili alikuwa ameitanua kumpokea. Nilinyamaza. Hatua ya nne na ya tano nimeziona mimi, lakini hizo tatu ni zao wawili.

Mwezi wa Julai tulikodi gari siku mbili tukaenda kaskazini, zaidi ya kilomita 300, mahali panapoitwa Itasca. Ni misitu ya misonobari na maziwa, na mbu wakubwa, bahati yetu tu kwamba hawaleti malaria. Tulifuata kitu kimoja: chanzo cha mto Mississippi. Mto huu unauona hata kwenye ramani za shule, una zaidi ya kilomita 3,700, na unapita hapa hapa mtaani kwetu. Mimi nauvuka kwenda kazini kwa daraja la Washington Avenue, lile lenye njia ya waenda kwa miguu juu na treni chini. Hapa mjini ni mto mpana, wa kahawia, wenye nguvu. Lakini kule Itasca unachuruzika kutoka ziwani kupitia mstari wa mawe, maji meupe unaona kokoto, na kina chake ni cha magotini. Watu wanavua viatu wanavuka. Wazee, watoto, mbwa. Karibu yake wamesimamisha gogo lenye maandishi ya njano linalosema kwamba hapa ndipo unapoanzia.

Bi Mdogo alivuka akinishika kidole kimoja, suruali imelowa mpaka kiunoni. Babu hakuvuka upesi. Alisimama katikati ya maji, akaniuliza, "Huu ndio ule wa darajani kwetu?" Nikasema ndio huo. Akakaa kimya. Mfanyakazi mmoja wa hifadhi alimweleza kwamba tone la maji likitoka pale linachukua kama miezi mitatu kufika Ghuba ya Meksiko. Babu akaokota jani, akaliweka juu ya maji taratibu kama anayelaza mtoto, akalifuata kwa macho likapinda likapotea. Tangu turudi ananivuta jioni twende darajani kulingojea jani lake. Tunasimama pale, yeye kashika vyuma vya daraja, anatazama chini. Njiani kuna maziwa na mabwawa kadhaa, na mimi nayajua hayo. Sijamwambia. Jioni zile ndizo nilizomjua mwanangu zaidi ya mwaka mzima uliopita, maana akiwa anangojea jani huwa anazungumza.

Somo, nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Unajua Bi Mdogo na Kiswahili. Anakisikia chote, ukimtuma anatumika, lakini kujibu anajibu kwa Kiingereza. Kila Jumamosi saa mbili asubuhi huku, kwenu saa kumi alasiri, tunampigia mama. Bi Mdogo husema "Shikamoo Bibi", anakimbia. Mama huuliza, "Kaenda wapi tena?" na mimi najibu kaenda kunywa maji. Mwaka mzima mtoto anakunywa maji! Nilikuwa naumia. Nilimzaa mwenyewe, nikamwimbia mwenyewe, na bado mama yangu na mwanangu walikuwa kama wageni wawili wanaokutana kwenye kivuko cha Bweni, mtoni Pangani: wanasalimiana, kila mtu anashuka upande wake.

Kiangazi hiki mama aliacha kumwuliza maswali, akawa anamtolea hadithi. "Paukwa!" Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili Babu ndiye aliyejibu. Mara ya tatu nikasikia sauti ndogo kutoka chini ya meza: "Pakawa." Mama hakushangilia, ana akili yule mwanamke, akaendelea na sungura wake kama hakusikia lolote.

Basi Jumamosi ile baada ya Itasca, kabla ya paukwa, Bi Mdogo akanipokonya simu. Akaishika kwa mikono miwili, uso umejaa kioo, akasema, "Bibi, mimi nimeona mto. Mto alikuwa mtoto."

Mto alikuwa mtoto. Nilisimama na mwiko mkononi. Alikosea ngeli, najua, walimu wetu wangemrudishia daftari. Lakini ni sentensi yake ya kwanza nzima, hakufundishwa na mtu, na niambie wewe, kuna namna bora ya kusema kile tulichokiona kule? Mama naye hakumsahihisha. Alitulia kidogo, nikamsikia anavuta kamasi, halafu akamwambia, "Basi wa huku kwetu, mjukuu wangu, keshazeeka. Njoo umwamkie." Wakacheka wote wawili kwa wakati mmoja. Simu iliwaka dakika arobaini na sikupewa.

Bi Mdogo ametimiza miaka mitano tarehe 20 mwezi huu. Sheria ya hapa mtoto anaanza chekechea akiwa na mitano kabla ya Septemba, kwa hiyo kaponea kwenye tundu la sindano. Wiki ijayo anapanda basi la njano na kaka yake. Begi lake halivui, hata chakula anakula nalo mgongoni. Ninachokiogopa unakijua: atarudi na Kiingereza kingi zaidi. Nimewekeana ahadi na mama, Jumamosi zisikatike hata moja, na wewe ukipita kwake siku hizo ingia, mtolee na wewe hadithi, sauti yako aizoee.

Mwanao nimemwombea dua mtihani wake wa darasa la saba mwezi ujao. Mwambie shangazi yake wa mbali anamkumbuka, na alale mapema.

Sasa kikaratasi. Jana tulikwenda kwenye maonyesho makubwa ya jimbo hili, ni kama Nane Nane yetu lakini yanachukua siku 12. Tuliona ng'ombe, nguruwe, mashine za kila namna. Hata banda lenye viti, watu wamekaa wanatazama ng'ombe akizaa. Tukanunua mahindi ya kuchoma. Babu akang'ata, akasimama, akatoa hindi mdomoni, na jino lake la mbele limenasa palepale kati ya punje. La kwanza kung'oka! Watoto wa huku huliweka jino chini ya mto wa kulalia, usiku anakuja kiumbe mdogo mwenye mabawa analichukua na kuacha pesa. Nilipomweleza hivyo Bi Mdogo akadakia, "Chini ya mto gani? Wa darajani?" na jino nusura lifungiwe safari nyingine ya maji.

Nikawaambia yetu. Kwamba sisi tulisimama uani, tukalirusha jino juu ya paa, tukamwambia panya achukue la zamani atuletee jipya. Babu akaenda dirishani. Tunakaa ghorofa ya kumi na nne, na juu yetu kuna nyingine zaidi ya ishirini. Akatazama juu mpaka shingo ikachoka. Akaniuliza, "Bibi ana paa?" Nikamwambia analo, la bati, limeota kutu upande wa msikitini. Akaenda kuchukua karatasi na uzi, akalifunga mwenyewe. Pesa kasema hataki.

Ndilo hilo ulilonalo mkononi. Nenda nalo kwa mama Jumamosi alasiri, msubiri tupige. Usilirushe kabla hatujapiga. Simama pale uani penye mpera, uiweke simu juu ya pipa, karibu na ukuta, sauti iwe wazi. Maneno unayakumbuka, yaseme polepole ili Bi Mdogo naye ayafuate. Kisha rusha kwa nguvu, lipite kutu, Babu anataka asikie likigonga bati.

Wako,
Somo