Zuhura, ufunguo wa pili mpe jirani

Mwanangu Zuhura,

Najua utasema mama ameanza. Acha nianze, maana kwenye simu huchukui dakika mbili bila kuniambia "mama nitakupigia baadaye". Karatasi hainikatizi.

Jambo langu ni moja na nitalirudia mpaka ulichoke: kabla baridi haijaanza, ufunguo wa pili wa nyumba ya mjomba wako uwe kwa jirani. Mjomba atakuwa Muscat mwaka mzima, nawe utakuwa peke yako kwenye nyumba ya vyumba vitatu huko Rayners Lane, London, unakokwenda kusoma. Baba yako anaogopa wezi. Mimi naogopa uteleze bafuni Ijumaa usiku, na mtu wa kwanza kushangaa hujaonekana awe mwalimu wako, Jumanne. Hapa kwetu ukichelewa kufungua dirisha asubuhi, mama Hadija ameshapiga hodi. Kule pazia linaweza kushuka siku tatu na jirani akaona kutouliza ndiyo adabu.

Nyumba nyingi za pande zile ni za miaka ya 1930, zimejengwa mbili mbili zikishirikiana ukuta mmoja, enzi ambazo reli ya Metropolitan ilikuwa ikiwavuta watu watoke katikati ya London wapate bustani. Ukuta huo wa kati unapitisha sauti. Mtu akipanda ngazi upande wa pili utamsikia, naye atakusikia ukitwanga. Kinu usikiweke moja kwa moja juu ya sakafu ya mbao. Kunja taulo mara nne, liweke chini yake, utwange Jumamosi mchana. Kelele za kati ya saa tano usiku na saa moja asubuhi zinaweza kukuletea barua ya halmashauri, na jirani hatakuja kwanza kukugombeza mlangoni. Atavumilia miezi miwili akitabasamu, halafu atashtaki. Kwa hiyo mtangulie wewe.

Nenda Jumamosi kati ya saa nne na saa sita. Piga kengele mara moja, rudi nyuma hatua mbili, na usingoje kukaribishwa ndani. Hutakaribishwa, na wala si tusi. Taja jina lako, sema wewe ni mpwa wa mwenye nyumba, kisha uliza gari la taka linapita siku gani. Swali hilo linamfungua mdomo hata mtu bubu. Atakueleza pipa lipi ni la wiki hii na lipi la wiki ijayo, kwamba mfuniko lazima ufunge, kwamba mfuko ulioegeshwa pembeni ya pipa hauchukuliwi, na kwamba ukitia mabaki ya chakula kwenye pipa la karatasi na chupa watakuachia limejaa. Siku hiyo usitaje ufunguo kabisa, utamshtua. Ngoja vifurushi. Mleta mizigo asipomkuta mtu huacha mzigo nyumba ya pili na kutia kikaratasi kwenye tundu la barua. Wa kwao ukiletwa kwako, upokee, uupeleke jioni ileile. Baada ya mara mbili tatu ndipo useme: "Naishi peke yangu, naomba unitunzie ufunguo." Watu wa mitaa ile hufurahi kuaminiwa. Sambusa pia peleka, lakini uliza kwanza. Wahindi wengi waliotoka Nairobi na Kampala wamejenga maisha yao pande za Harrow, na jirani anaweza kuwa Mgujarati asiyegusa nyama wala yai.

Ufunguo wenyewe utachongewa kwa fundi viatu, wengi wao kule wanachonga na funguo. Mwombe mjomba ruhusa kwanza. Fundi achonge kutoka kwenye ule wa asili, asichonge nakala ya nakala, maana kosa dogo la meno linaongezeka kila mara na mwisho ufunguo unakwama. Ujaribu siku hiyohiyo kabla hujampa mtu. Mlango wa mbele ni ule wa plastiki ngumu: inua mpini juu kwanza, ndoano ziingie kwenye fremu, ndipo uzungushe ufunguo. Usipouinua, mlango umeshikwa na ulimi mmoja tu.

Na hapa nisikilize vizuri. Usiku usiache ufunguo wako ndani ya kitasa. Vitasa vingi vya aina ile, ufunguo ukiwa upande wa ndani, wa nje hauzunguki. Jirani atasimama barazani na ufunguo mkononi, nawe uko sakafuni, na mlango haufunguki. Utundike ukutani karibu na mlango, mahali utakapoupata gizani moto ukizuka, ila mbali na tundu la barua, kwa sababu wezi hupitisha fimbo yenye ndoano. Chini ya chungu cha maua usiuweke. Kila mwizi anaanzia hapo, na mtu akiingia bila kuvunja, bima inaweza kukataa kulipa.

Mlango wa jikoni una kitasa kinachojifunga chenyewe. Ukitoka alfajiri na kandambili kusogeza pipa, upepo ukaupiga, umebaki nje. Unaona sasa kwa nini nasema jirani?

Wiki ya kwanza jiandikishe kwa daktari wa mtaa. Ada ya afya umeilipa pamoja na viza, basi itumie. Mhudumu akidai bili yenye anwani yako, mwambie kwa upole kwamba kujiandikisha hakuhitaji hati hiyo. Jambo la afya lisilo la dharura, piga 111. La dharura ni 999, na ukipiga kwa simu ya mkononi huku huwezi kusema, bonyeza 55 ukiambiwa, utaunganishwa na polisi. Ukiweza kusema, taja postikodi pamoja na namba ya nyumba, kwani postikodi moja hukusanya nyumba kama 15. Namba ya mjomba imefunikwa na ua wa miti. Nimemwambia aukate, hakuukata. Ukate wewe.

Boila, mtambo wa kupasha maji na nyumba, iko kabatini jikoni. Ikiwa baridi, mshale wa presha ukae kati ya 1 na 1.5. Ukishuka chini ya 1 maji ya moto yanaanza kusuasua: chini ya boila utaona mpira uliosukwa nyuzi za chuma wenye koki ndogo mbili, zifungue taratibu, mshale ukifika 1.5 funga zote mbili kabisa. Ukisahau moja, presha inapanda mpaka valvu ya usalama inamwaga maji nje ukutani. Siku za barafu bomba jembamba la plastiki lililotoka nje huganda, boila inagugumia kisha inazima. Limwagie maji ya uvuguvugu, yanayochemka yatalipasua, halafu uiwashe upya. Ukisikia harufu ya gesi, toka nje, piga 0800 111 999. Jiko la mkaa usiliwashe ndani hata dakika moja, hata ukimiss mishikaki, hata dirisha likiwa wazi. Moshi wake hauonekani wote.

Kanga zako usizianike juu ya hita. Maji yanaingia ukutani, ukungu mweusi unaota nyuma ya kabati, na kifua chako nakijua. Fungua madirisha dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni, hata kwenye baridi.

Unaondoka Septemba, tofauti ya saa ni mbili. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma, inakuwa tatu. Mwezi wa Desemba jua linachomoza kama saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Meza vitamini D mikrogramu 10 kila siku. Kwa ngozi yetu wanashauri mwaka mzima, si baridi tu. Miezi hiyo ndiyo utakayotaka kujifungia. Nakujua. Umepata nafasi ambayo mtaa mzima unaijua (nimewatangazia mwenyewe), lakini kwa kujifungia hujambo. Nyumba yetu haijawahi kufungwa mlango mchana, labda tulikujaza watu mno mpaka kimya unakiona zawadi. Kifurahie. Ila kila siku kabla hujalala niandikie neno moja. Siku ikipita kimya nitampigia jirani, kwa hiyo namba yake naitaka pamoja na habari kwamba ufunguo ameupokea.

Cheti cha kuwa mwanafunzi kipeleke halmashauri mapema. Wanafunzi wa muda wote wakiwa peke yao nyumbani husamehewa kodi ya halmashauri, lakini mpaka uombe. Muhogo, bamia na ndizi mbichi utavipata Ealing Road, Wembley. Chaja zako zitaingia, soketi zao ni kama zetu, usinunue adapta uwanja wa ndege kama alivyofanya kaka yako.

Kaka yako, kwa njia, hajaleta fedha za bati la jikoni na mvua za vuli hizo zinakuja. Mkumbushe wewe, neno lako analisikia.

Bibi amekukorogea samli chupa mbili. Pokea, mshukuru, mbusu mkono, kisha ziache chumbani kwangu: nyama na maziwa kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia Uingereza, watakunyang'anya. Usimwambie. Moja nimeshaifungua.

Mama yako