Barua kwa mwanangu: kwa nini nyambizi ile ilikuwa kubwa vile

Tanga

Mwanangu,

Marahaba. Sisi huku hatujambo, mama yako anakusalimu sana na anauliza kama mzigo wa dagaa ulikufikia.

Ile picha ya nyambizi ya Kisovieti uliyonitumia, ile ya mradi wa 941 ambayo nchi za Magharibi huiita Typhoon, niliwaonyesha wazee wenzangu barazani, na mjadala ukachukua jioni nzima. Wewe umeuliza swali moja tu: urefu mita 172, upana mita 23, na ndani bwawa la kuogelea, Warusi walikuwa wakimringishia nani?

Hapana, mama. Huenda walipenda kuringa kama watu wote, lakini ukubwa ule una sababu ya kihandisi, na wewe unayesomea mitambo unapaswa kuijua. Nyambizi ya makombora haieleweki ukianza na nyambizi yenyewe. Anza na kombora: lina uzito gani, linasimama urefu gani, linafika wapi. Kisha uone wahandisi wanavyohangaika kulitafutia nyumba.

Septemba 1955, kwenye Bahari Nyeupe kaskazini mwa Urusi, nyambizi ya dizeli B-67 ilirusha kombora liitwalo R-11FM. Hilo ndilo kombora la kwanza la balistiki duniani, yaani linalorushwa juu sana kisha kuangukia shabaha, kurushwa kutoka kwenye nyambizi, na kazi ilisimamiwa na Sergei Korolev, yuleyule ambaye roketi yake ilimpeleka Gagarin angani. Ila kombora lilifika kilomita 150 tu, na nyambizi ilibidi iibuke kwanza juu ya maji. Isitoshe, dizeli haiendi bila hewa, kwa hiyo kila baada ya muda lazima upande juu uchaji betri. Kwa chombo cha namna hiyo, kuifikia pwani ya Marekani bila kuonekana ilikuwa ndoto.

Kinu cha nyuklia kiliondoa shida ya hewa. Kinachemsha maji, mvuke unasukuma mtambo, na nyambizi inaweza kukaa chini hadi chakula kiishe. Nyambizi yao ya kwanza ya nyuklia, K-3, ilianza kutembea kwa nguvu ya kinu Julai 1958, lakini haikuwa na makombora ya balistiki. Ya kwanza kubeba vyote viwili ilikuwa K-19. Makombora yake matatu ya R-13 yalisimama ndani ya mnara, ile sehemu inayoinuka mgongoni mwa nyambizi, yakafika kilomita 600, na bado ilibidi kuibuka ndipo yarushwe.

Sasa tazama tarehe. K-19 ilikabidhiwa kwa jeshi la majini tarehe 12 Novemba 1960. Siku tatu baadaye USS George Washington ya Marekani iliondoka kwa doria yake ya kwanza ikiwa na makombora 16, yote ya kurushwa kutoka chini ya maji, masafa kilomita 2,200. Unaona pengo lilivyokuwa? Viongozi wa Moscow waliliona pia, na presha ikashuka mpaka viwandani kwa wachomeleaji.

Tarehe 4 Julai 1961, K-19 ikiwa Atlantiki ya Kaskazini, bomba la maji ya kupozea kinu kimoja lilipasuka na pampu zikasimama. Kinu kilizimwa, lakini kuzima kinu si kama kuzima jiko la gesi: mmenyuko unakoma, joto linaendelea kuzaliwa ndani ya fueli kwa muda mrefu. Bila maji, fueli inayeyuka. Na hapa ndipo damu yangu ya ufundi inapochemka. Meli yoyote niliyofanyia kazi, hata ile iliyochakaa kabisa, ilikuwa na pampu ya akiba kwa kila pampu ya maana. K-19 haikuwa na mfumo wa akiba wa kupozea kinu. Iliingizwa baharini hivyohivyo, na watu 139 ndani.

Mabaharia wakautengeneza mfumo huo kwa mikono. Waliingia kwenye chumba cha kinu kwa zamu fupi, wamevaa makoti ya mvua na barakoa za gesi, wakachomelea bomba kwenye vali ya kutolea hewa na kuingiza maji ya kunywa. Makoti ya mvua hayazuii mionzi. Bomba lilifanya kazi, joto likashuka, na wanane kati yao, akiwemo luteni kijana Boris Korchilov, walikufa ndani ya wiki tatu. Antena ya mawasiliano ya mbali ilikuwa imeharibika, hivyo Kapteni Nikolai Zateyev akageuza kuelekea mahali alipotarajia kukuta nyambizi za dizeli za kwao. S-270 ndiyo iliyowapokea. Waliopona wakaambiwa wafunge midomo. K-19 ikawekewa vinu vipya ikarudi kazini, na mabaharia wakaipachika jina la Hiroshima.

Mimi nilikuwa Leningrad, leo St. Petersburg, kwenye miaka ya themanini nikisomea mitambo ya meli, na ofisi ya Sergei Kovalev, mhandisi aliyesimamia nyambizi karibu zote za aina hii, ilikuwa mji huohuo. Hakuna mwalimu aliyetutajia jina lake hata siku moja.

Huyo Kovalev ndiye aliyeleta nyambizi za mradi wa 667A, kuanzia 1967: makombora 16 ya R-27, kilomita 2,400, yakirushwa kutoka chini ya maji. Walijenga 34. Kwa idadi waliwafikia Wamarekani, ila kilomita 2,400 maana yake ni kwamba bado lazima uende kukaa karibu na mlango wa adui, naye ametandaza vifaa vya kusikiliza baharini. Halafu makombora yenyewe yalitumia fueli ya kimiminika yenye sumu kali. Oktoba 1986, kaskazini mashariki mwa Bermuda, maji ya bahari yaliingia kwenye mrija mmoja wa kombora wa K-219, mojawapo ya hizo 34, yakakutana na kemikali hizo, na mrija ukalipuka. Baharia Sergei Preminin aliingia kwenye chumba cha kinu akateremsha fito za kukizima kwa mkono. Alimaliza kazi, kisha mlango ukagoma kufunguka kwa tofauti ya shinikizo, akafia humo. Habari ya ajali niliisoma gazetini, mistari michache, na hata hiyo michache ilitushangaza, kwa kuwa zamani wasingeandika kitu.

Dawa ya kutokwenda Bermuda ilikuwa imeshapatikana tangu 1972: kombora la R-29, kilomita 7,800. Nyambizi ya 667B iliweza kubaki Bahari ya Barents, jirani na nyumbani, ikilindwa na meli za kwao, na bado ikaifikia Marekani. Kombora lilikuwa refu kuliko mwili wa nyambizi, kwa hiyo wakaipandisha nundu mgongoni. Haipendezi, lakini mimi naiheshimu kuliko ile ya kwenye picha yako.

Maana ile ya picha, mradi wa 941, ilizaliwa kwa sababu walitaka kombora la fueli mango, yaani ngumu isiyo ya kimiminika, kama la Wamarekani, na R-39 likatoka na uzito wa tani 90 pamoja na vifaa vyake vya kurushia. Trident ya Marekani ya wakati huo ilikuwa na tani 33 hivi. Ukiwa na makombora 20 ya tani 90 utayaweka wapi? Kovalev alijenga miili miwili mikubwa ya kuhimili shinikizo, akailaza sambamba, akayapanga makombora katikati, mbele ya mnara, kisha akafunika vyote kwa gamba moja. Ndiyo upana ule. Juu ya maji ilikuwa na tani 23,200, na ikizama tani 48,000. Tofauti hiyo ni maji matupu. Nafasi ikabaki, wakaweka sauna na hilo bwawa lako, dogo tu, kwa watu wanaokaa miezi bila kuona jua.

Walijenga sita, ya kwanza ikiingia kazini 1981. Miaka hiyohiyo Viktor Makeyev, mtu wa makombora, alikuwa akitengeneza kombora la R-29RM la fueli ya kimiminika, tani 40 tu, linalofika mbali vilevile, la kuwekwa kwenye nyambizi za kizazi kilekile cha nundu. Tarehe 6 Agosti 1991 moja ya hizo, K-407, ilirusha makombora yake yote 16 mfululizo ikiwa chini ya maji. Usovieti ulikuwa umebakiza miezi michache. Jitu la picha yako lilistaafu kabisa 2023. Zenye nundu baadhi bado zinafanya kazi.

Niandikie ukipata matokeo ya mtihani.

Baba yako