Mvuvi hana mshahara wa mwezi, fomu ya Helb ituulize mwaka

Mhariri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mvuvi hapa Amu, yaani mji wa Lamu, mtaa wa Langoni, na naomba nafasi kwa gazeti niseme juu ya karo za vyuo vikuu, manake binti yangu aliingia chuo 2024 na mdogo wake amemaliza kidato cha nne, ataitwa inshallah, na yaliyonipata kwa wa kwanza sitaki yanipate tena wala yampate mzazi mwengine wa huku.

Binti alipoitwa na KUCCPS, wale wanaowapangia watoto vyuo, kwa kozi aliyoitaka nyumba nzima ilikuwa furaha, mamake alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka vibarazani. Tukaambiwa sasa kuna fomu ya kuomba ufadhili na mkopo wa Helb, bodi ya serikali inayokopesha wanafunzi, inajazwa kwa intaneti, basi tukaenda saiba, duka la kompyuta. Kijana wa pale mpole tu, sina ubaya naye, akawa auliza na kuandika, nyumba ni ya nani, watoto wangapi wako shule, sekondari ulikuwa ukilipa karo ngapi, mpaka akafika hapa: "Ami, kwa mwezi unaingiza ngapi?"

Sasa mvuvi ukimuuliza mwezi, mwezi gani? Wakati ule ilikuwa msimu wa upepo wa kusi, bahari imechafuka, boti tumeivuta juu wiki mbili hatujatoka, nikaona haya kusema siingizi kitu mbele ya watu waliojaa pale saiba. Nikamtajia mwezi mzuri wa kaskazi, nguru wakiwa wengi. Na kosa kubwa zaidi, nikamtajia pesa ya mauzo, yaani kabla ya kutoa petroli na barafu na fungu la tajiri mwenye boti na mashine, na mabaharia wenzangu kugawana kilichobaki. Akaandika, akabonyeza, ikaenda.

Majibu yalipokuja binti yangu akawekwa bendi ya 5. Bendi ni madaraja ya kuwapanga wazazi kwa uwezo, ya 1 ni ya wasiojiweza kabisa, ya 5 ni ya wenye nafuu. Mwenzangu tunaovua naye boti moja, nyavu moja, samaki mmoja, mwanawe akawekwa bendi ya 2, kwa sababu mtoto huyo alikaa na babake usiku mzima wakapiga hesabu ya mwaka ndo wakaenda kujaza.

Wacha nieleze tofauti yake kwa shilingi, manake asilimia hazituingii akilini. Kwa mgao wa bendi uliotoka 2024, bendi ya 2 serikali hulipa ufadhili, ambao haurudishwi, asilimia 60 ya gharama ya kozi, mkopo 30, mzazi 10. Bendi ya 5 ufadhili ni 30, mkopo 30, mzazi 40. Chukua kozi ya laki mbili kwa mwaka hesabu iwe rahisi. Mwenzangu anatoa elfu 20, mimi natoa elfu 80. Kwa miaka minne yeye ni elfu 80, mimi ni laki tatu na elfu 20. Laki mbili na elfu 40 zimepotea kwa swali moja la pale saiba. Kuna kozi ghali kuliko hiyo mara nyingi, udaktari na uhandisi, huko pengo hilo ni kubwa zaidi.

Halafu kuna zile pesa za matumizi, watoto wanaita apkipu, bendi ya 1 elfu 60 kwa mwaka mpaka bendi ya 5 elfu 40. Mimi nilidhani ni zawadi ya serikali, na nimeuliza wazazi wengi hapa ukutani nikakuta nao walidhani hivyo hivyo. Ni mkopo. Zinaingia mkononi kwa mtoto lakini zinaandikwa deni lake kama ile ya karo. Binti yangu kwa mfano ule wa laki mbili atakopa elfu 60 ya karo na elfu 40 ya matumizi, laki moja kwa mwaka, akimaliza ana deni la laki nne kabla ya riba, na riba ya Helb ni asilimia 4 kwa mwaka. Sisemi ni riba kubwa, kuna wakopeshaji wa simu wanaotuchuna zaidi ya hapo, na kwa sisi Waislamu riba ina neno lake ambalo kila mtu atamuuliza sheikh wake. Nasema mzazi ajue kabla mtoto hajaweka sahihi, na wale wadhamini wawili wa mkopo pia wajue wameingia wapi, manake shemeji yangu alitoa nambari ya kitambulisho chake akidhani ni ushahidi tu. Na mkopo unaombwa upya kila mwaka, mtoto akisahau mwaka wa pili hapati.

Vengine havimo ndani ya asilimia hata moja. Chumba, chakula, vitabu, ada za kujisajili zilizoandikwa kwenye barua ya chuo, kurasa kizungu kitupu, binti ndo alinitafsiria. Na nauli. Mtoto wa Nairobi anapanda matatu anafika chuo, wetu anapanda boti mpaka Mokowe, basi la Witu, Garsen, Malindi, Mombasa, ndo aanze safari ya bara, kwenda na kurudi kila muhula.

Na kuna hili ambalo sijaona mtu akilisema. Vyuo vinafungua mwezi wa nane na wa tisa, kusi haijaisha, mfukoni mwa mvuvi hamna kitu. Pesa yetu inakuja kaskazi ikiingia, mwisho wa mwaka mpaka mwezi wa tatu hivi. Kwa hiyo mtoto anatakiwa alipe wakati babake hana, na babake akipata mtoto keshazuiwa mtihani. Mwaka ule nilichukua pesa kwa tajiri nikamlipa kwa samaki kaskazi yote, kwa bei yake yeye sio ya soko, hiyo nayo ni gharama ya chuo ingawa hakuna barua inayoiandika. Vyuo vikituwekea malipo madogo madogo mpaka mwezi wa tatu tutalipa, hatukimbii.

Najua mpango wenyewe wa ufadhili umeyumba sana. Ulianza 2023, Disemba 2024 Mahakama Kuu ikasema haufuati katiba, Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi ule, 2025 wizara ya elimu ikatangaza karo kupunguzwa. Tunashukuru kwa kupunguzwa. Lakini hata iwe nafuu vipi, kama bado wanatupanga kwa bendi wakatuuliza mapato ya mwezi, mvuvi na mkulima wa ufuta kule Mpeketoni na mama anayesuka makuti watajibu kwa kubahatisha. Fomu iulize mwaka, iulize kinachobaki, na iwe na Kiswahili. Na maofisa wa Helb waje Amu, waende Faza, Kizingitini na Kiunga kabla fomu hazijafungwa, wakae na wazazi barazani, wasitutumie link ya simu peke yake.

Basari za kaunti na za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, nazo ziko na zinasaidia, sikatai, ila hazina maana zikija mtoto amesharudi nyumbani. Zitoke kabla ya mwezi wa nane.

Wazazi wenzangu, ukiona bendi si yako usinyamaze, kuna rufaa. Sisi tulikata, binti akashushwa mpaka ya 3, ilichukua muda na mwaka wa kwanza nilikuwa nishabeba mzigo wa bendi ya 5.

Kwa huyu wa pili nina daftari. Tangu kaskazi iliyopita kila tukirudi pwani naandika kilo ngapi, bei gani, petroli, barafu, fungu la tajiri, fungu langu, na siku tusizotoka naandika hatukutoka. Nimelitia kopo lenye kifuniko lisirowe. Akiitwa chuo tutaenda nalo saiba, na safari hii tutasoma kila swali pamoja ndo tubonyeze.

Mvuvi,
Langoni, Amu