Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wafugaji wa Samaki Malaika

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, kwa hiyo nitazipita mbio. Mikutano ya kila mwezi ilifanyika, isipokuwa wa Desemba. Vifaranga waligawiwa, wanachama wapya walipewa mafunzo, na pampu ya hewa ya betri ilinunuliwa kwa ajili ya umeme ukikatika. Mapato yalikuwa shilingi 1,700,000, ada na mauzo ya vifaranga kwa pamoja. Matumizi shilingi 1,590,000, yaani matangi, pampu, mayai ya artemia (vijidudu vya maji ya chumvi tunavyolishia vifaranga), chumvi, usafiri na chai. Mchanganuo anao mweka hazina.

Nije kwenye lenye maneno. Mwezi wa tano kamati iliamua kwamba kwenye matangi ya chama mayai yaondolewe kwa wazazi yakaanguliwe pembeni. Imesemwa kwamba mwenyekiti amegeuza ufugaji kuwa kiwanda, na kwamba uamuzi ulipitishwa watu hawapo. Hilo la pili lina ukweli kiasi, kwa kuwa wanaolisema ndio hao ambao hawakuwepo. Tangazo lilitoka wiki 2 kabla, na akidi ilitimia.

Hakuna anayebisha kwamba malaika wanajua kulea. Ni wa ukoo mmoja na sato na perege. Hutaga kwenye jani au kitu kilichosimama wima, hupepea mayai kwa mapezi, na yaliyokufa huyang'oa kwa mdomo. Lakini jozi changa mara nyingi hula mayai yake ya mwanzo mwanzo, na hata jozi iliyozoea, ikishtushwa na mlango au taa kuzimwa ghafla, asubuhi unakuta kibao cha kutagia kitupu. Matangi ya chama yako ukumbini, watu wanapita kutwa. Mwenye jozi nyumbani mahali patulivu aendelee kuwaachia wazazi. Hakuna aliyemkataza, na muhtasari wa kikao unasema hivyo.

Kwa kuwa nimeshutumiwa pia kuficha utaratibu, huu hapa. Kibao cha marumaru kinaegemezwa kwenye kioo cha tangi la wazazi. Jike akishamaliza kutaga na dume akishapitisha mbegu zake, tunasubiri kama saa moja, kisha kibao kinahamishwa kikiwa ndani ya chombo chenye maji hayohayo, kisikauke njiani, hadi tangi la lita 15 lililojazwa maji ya wazazi, nyuzi 27 hadi 28. Jiwe la hewa linakaa sentimita chache kutoka kwenye mayai, mapovu yapite kando bila kuyapiga. Kazi ya kupepea ndiyo hiyo. Mwisho inatiwa methilini ya bluu, dawa ya kuzuia ukungu, maji yakolee rangi lakini kibao bado kionekane.

Yai linalogeuka jeupe limekufa, na ukungu ukilishika huhamia kwa jirani zake. Yote yakiwa meupe tusikimbilie kulaumu dawa. Huenda maji ni magumu mno, kama yale ya visima vya chumvi, au dume bado mchanga, au hakuna dume kabisa: majike wawili hujitenga kama jozi na kutaga pamoja. Ndivyo ilivyokuwa kwa ile jozi iliyotolewa zawadi kwa mbwembwe. Kuwatofautisha, tazama mrija mdogo unaotokeza chini ya tumbo wakati wa kutaga: wa jike ni mnene na butu, wa dume ni mwembamba na umechongoka. Niliwahi kulisema hili kwenye mafunzo, waliokuwepo ni mashahidi.

Baada ya saa 48 hadi 60 mayai huanguliwa na mikia huanza kuchezacheza. Hapo bluu inapunguzwa kwa kubadilisha nusu ya maji kila siku, na chakula hakitiwi, maana wadogo hao bado wanakula kiini walichobeba tumboni. Wataogelea karibu wiki moja tangu kutagwa. Anayewahi kutia chakula huozesha maji, amonia hupanda, na usiku mmoja unatosha kuwamaliza wote. Kiini cha yai la kuku, ambacho wengine bado wanakitetea, hufanya hivyohivyo hata kwa wanaoogelea.

Chakula chao ni artemia walioanguliwa siku hiyohiyo. Lita 1 ya maji, gramu 25 za chumvi, nusu kijiko cha chai cha mayai, hewa kali na taa. Kwa nyuzi 28 wanaanguliwa ndani ya saa 24 hivi. Zima hewa dakika 10, maganda yaelee, uwavute artemia kutoka chini kwa mrija wa mpira. Maganda yasiingie tangini, huziba matumbo ya vifaranga. Suuza chumvi, lisha kidogo mara 3 au 4 kwa siku. Matumbo yakiwa ya rangi ya chungwa, wameshiba.

Na artemia hao wananunuliwa kwa ada. Tuko wanachama 41. Waliolipa mwaka mzima ni 17, na 24 hawajalipa hata mwezi mmoja. Kwa shilingi 60,000 kila mmoja, deni ni 1,440,000. Kopo la mayai yao lilipoisha mwezi wa tisa, wasiolipa ndio walioongoza kuuliza vifaranga wako wapi. Mkutano wa mwezi huo walihudhuria watu 9.

Kuhusu lalamiko kwamba baadhi ya vifaranga wa chama hawana mapezi ya tumboni: waliondoka hapa wakiwa na wiki 3, mapezi hayo ndiyo yanachipua. Maji machafu na msongamano huyadumaza, pamoja na vifuniko vya mashavu. Kuna aliyeweka 60 kwenye beseni la lita 20, kisha akasema ni bluu ya mwenyekiti. Tangu uamuzi ule matangi ya chama yamekuwa na vifaranga wa kugawa. Kabla yake yalikuwa na wazazi walioshiba mayai. Hoja niliileta mimi na sina sababu ya kuiondoa.

Mwakani tunatarajia, hali ikiruhusu, kupata jozi za damu tofauti, pipa kubwa la maji ya mvua, na pengine chumba chetu wenyewe. Mweka hazina atakaa mlangoni na kitabu cha risiti hadi mkutano uishe.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti