Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Sehemu kubwa ya mikutano yetu mwaka huu ilikwenda kwenye mabishano juu ya mchoro mmoja. Sijutii hata saa moja ya mabishano hayo, na wasiohudhuria wana haki ya kujua sababu.

Ulikuwa mchoro wa hali za lifti, yaani unaoonyesha hali ambazo lifti inaweza kuwamo, na mishale ya matukio yanayoitoa hali moja kwenda nyingine. Ndani ya hali ya "Inafanya kazi" kulikuwa na hali ndogo ya "Mlango wazi". Tukio moja, "dharura", lilichorewa mishale miwili: mmoja ukitoka kwenye hali ndogo, mwingine ukitoka kwenye hali kubwa inayoizunguka. Ufuatwe upi? Waliousoma kwa kanuni za UML, lugha sanifu ya kuchora mifumo ya programu, walisema wa ndani. Waliousoma kwa kanuni za Statemate, zana ya kubuni mifumo kwa michoro ya hali, kama zilivyoandikwa na watafiti Harel na Naamad mwaka 1996, walisema wa nje. Kila upande ulikuwa sahihi kwa lugha yake. Karatasi ileile ilizaa lifti mbili.

Mimi mwenyewe niliwahi kukabidhi mchoro wa aina hiyo bila kutaja kanuni zake, na mfumo uliojengwa haukuwa ule niliokusudia. Aliyeujenga hakukosea.

Baadhi yenu mlisema michoro ni ya kufafanulia tu, uhakika uachiwe hisabati. Sikubaliani. Nyavu za Petri, michoro ya mwenendo wa mifumo yenye asili katika tasnifu ya Carl Adam Petri ya mwaka 1962, ni maduara, vijisanduku, mishale na tokeni, yaani vidoto vinavyohamishwa kutoka duara hadi duara. Lakini kwa kuwa kanuni ya kuhamisha tokeni haina utata, mkwamo wa mfumo unaweza kutafutwa kwa hesabu kabla programu haijaandikwa. Naye mwanafalsafa Sun-Joo Shin alionyesha mwaka 1994 kwamba hata michoro ya Venn, ile ya maduara yanayopishana, inaweza kubeba uthibitisho kamili wa kimantiki. Mchoro nao ni hisabati, ukipewa maana iliyofungwa.

Darasa la OCL, lugha ya kuandika masharti ya michoro ya UML, lilidorora. Kamati ililipanga mwishoni mwa siku ndefu, watu wakiwa wamechoka, tutalihamishia asubuhi. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Kamati inapendekeza kila mchoro unaoingia kwenye hifadhi yetu utaje lugha yake, toleo, kwa mfano UML 2.5.1, na kanuni ya kuamua mishale inapogongana. Mkiridhia, tutaanza na ule wa lifti. Kura itapigwa mara tu baada ya mweka hazina kumaliza.